Mapovu jikoni kwa yaya: kemia tuliyoisoma bila kuiona



Zamu yangu imefika, na najua mlikuwa mnangojea niandike juu ya kilimo. Nitafika kwenye kilimo, msiwe na wasiwasi. Lakini nitaanzia jikoni kwa yaya yangu, ju ndiko nilikoona kwa macho kitu ambacho nilikuwa nakijua kwa kalamu tu.

Niseme ukweli ambao wengi wetu tunauficha. Nilisoma kemia miaka yote ya sekondari, nikaendelea nayo chuo kikuu hadi lisansi ya agronomi. Nilijua kwamba asidi ikikutana na bezi inatoa chumvi na maji. Nilijua kuandika kwamba kuna vitu vinavyogeuza rangi kutuonyesha kama maji ni asidi au bezi. Lakini pale sekondari hatukuwa na labo. Mwalimu wetu, mtu mwenye bidii sana, alichora bilauri ubaoni kwa chaki nyeupe, akaandika chini yake "nyekundu". Akachora bilauri ya pili, akaandika "buluu". Tukanakili. Kwenye Mtihani wa Serikali swali hilo lilikuja na nilijibu bila shida. Rangi yenyewe nilikuwa sijaiona.

Sasa likizo kubwa iliyopita, mpwa wangu wa miaka 9 alishika simu yangu akaona video ya watoto wa Ulaya wanafanya "volkeno" ya mapovu ya rangi. Akaniuliza: "Mjomba, hii na siye tunaweza?" Mdogo wake wa miaka 6 alikuwa tayari ameshika kikombe.

Shida ya kwanza ilikuwa vifaa. Wale wa kwenye video walitumia kabichi ya zambarau na siki ya dukani. Hapa kwetu kabichi ni ya kijani, na siki si kila duka linayo. Nilitaka kusema "hapana, hatuna vifaa", jibu lile ambalo sisi tulipewa miaka yote. Kisha nikakumbuka ngaingai.

Ngaingai nyekundu mnaijua, ile ambayo watu wanachemsha vikonyo vyake vyekundu kupata juisi kali. Rangi yake inaitwa antosiyanini, na ni jamaa moja na rangi ya ile kabichi ya Ulaya. Tena ngaingai ina faida moja ambayo kabichi haina: yenyewe ni chachu. Ina asidi yake ndani. Kwa hiyo kikombe kimoja kinakupa rangi na mapovu kwa pamoja.

Tulifanya hivi, na ninyi mnaweza kufanya hivi na watoto wenu:

1. Weka konzi ya ngaingai kavu kwenye maji ya moto, acha dakika kumi, chuja, acha ipoe. Kazi ya maji ya moto ni ya mtu mzima.
2. Mimina nusu ya bilauri inayoonyesha ndani. Weka bilauri juu ya sahani, ju itamwagika.
3. Chukua bikarbonati, ile ya mandazi, kidogo sana, ncha ya kijiko cha chai. Tia. Tazama. Tia tena ncha nyingine.
4. Rangi ikishageuka kabisa, kamulia limau humo humo.

Yule mkubwa alitia ncha ya kwanza. Mapovu ya rangi ya waridi yakapanda hadi mdomo wa bilauri. Ncha ya pili, ya tatu: nyekundu ikawa zambarau. Ya nne na ya tano: mapovu yakapungua, na juisi ikawa buluu ya giza inayokaribia kijani. Hapo nikakamulia limau. Mapovu yakaruka tena, na wekundu ukarudi kutoka juu kwenda chini kama pazia.

Wale watoto walipiga kelele. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa na miaka 27, nina diplome ukutani, na njo mara yangu ya kwanza kuona rangi ikigeuka.

Yaya alitoka nje kuangalia kelele ni za nini. Yeye anauza mandazi asubuhi, na ile bikarbonati ilikuwa ya kazi yake. Akasema: "Miaka mitano ya chuo kikuu, na unarudi kuchezea bikarbonati yangu?" Nilimlipa. Lakini hakuondoka. Aliegemea mlango akatazama.

Mdogo akasema: "Mjomba, inatokota!"

Nikamwambia: "Gusa bilauri."

Akagusa, akatoa mkono, akagusa tena. "Iko baridi!"

Hapa kuna jambo ambalo ubao haukunifundisha. Sisi tumezoea kwamba kitu kikitoa mapovu kinachemka, na kikichemka kuna moto. Hapa mapovu ni mengi na bilauri inapoa. Bikarbonati inapofunguliwa na asidi inahitaji joto kidogo, na joto hilo inalichukua kwenye maji yenyewe na kwenye mkono wa mtoto anayeshika bilauri. Mapovu ya sufuria ya chai ni mvuke wa maji. Mapovu haya ni kitu kingine.

Ni gazi ya kaboni, ile tuliyokuwa tunaandika CO2. Unga wa bikarbonati umebeba gazi hiyo ndani yake, imefungwa. Asidi ya ngaingai, ya limau au ya siki inafungua kifungo, gazi inatoka, kinabaki maji na chumvi fulani. Na si kidogo. Kijiko kimoja cha chai cha bikarbonati, tuseme gramu 5, kikipata asidi ya kutosha kinatoa karibu lita moja na nusu ya gazi. Lakini asidi ya kutosha maana yake ni malimau mawili au matatu, si tone moja. Njo maana ukitia bikarbonati nyingi na limau kidogo, unga unabaki chini umelala, na watu wanafikiri umeharibika. Haujaharibika, umekosa asidi.

Yaya akauliza: "Basi ndiyo hiyo inavimbisha mandazi yangu?" Ndiyo yenyewe. Kwenye kinyunga, bikarbonati inakutana na uchachu wa maziwa au wa limau, tena mafuta ya moto yanaifungua zaidi, na gazi inatafuta njia ya kutoka. Matundu tunayoyaona ndani ya andazi ni nyumba za gazi hiyo. Yaya alikuwa anajua hayo kwa mkono kabla mimi sijazaliwa. Alikosa tu jina.

Siku ile ile tukajaribu kitu cha pili. Nilisimamisha kipande kifupi cha mshumaa, urefu wa vidole viwili, chini kabisa ya sufuria ndogo. Nikamwaga bikarbonati vijiko viwili kuuzunguka, nikawasha, kisha nikamimina maji ya malimau polepole pembeni bila kugusa moto. Mapovu yalipanda kidogo tu, hayakufika kwenye utambi. Baada ya muda moto ukainama, ukazimika peke yake. Hakuna aliyepuliza. Nikawasha kiberiti nikakishusha ndani: nacho kikazimika kabla ya kufika chini.

Gazi ya kaboni ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Haipandi kama moshi. Inalala chini, inajaza sufuria kama maji yasiyoonekana, na moto hauwezi kuishi ndani yake.

Hapa nilisimamisha mchezo, ju hili si la kuchekea tu. Wenzetu walioishi Goma wanajua neno mazuku. Kule, karibu na volkeno na kando ya Ziwa Kivu upande wa Sake, gazi hii hii inatoka ardhini na kujikusanya mabondeni na kwenye mashimo, hasa usiku na asubuhi wakati hakuna upepo. Haina rangi, na mtu hawezi kuiona. Mbuzi na mbwa wanaanguka kwanza, ju pua zao ziko karibu na ardhi, na mtoto yuko hatarini kuliko mtu mzima kwa sababu hiyo hiyo. Gazi ikipita sehemu 10 kwa 100 za hewa, mtu anaweza kuzimia kwa muda mfupi sana. Neno letu hili la Kiswahili leo wataalamu wa volkeno wa dunia nzima wanalitumia kwenye vitabu vyao bila kulitafsiri.

Na chini ya Ziwa Kivu kwenyewe imelala gazi ya kaboni inayokadiriwa kilomita za ujazo 300 hivi, pamoja na metani kama 60, imeyeyuka kwenye maji ya kina na kushikwa na uzito wa maji yaliyo juu. Ziwa dogo la Nyos kule Kamerun lilitapika gazi yake usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ikashuka mabondeni kama maji, na watu karibu 1,700 wakafa wengi wao wakiwa vitandani. Ziwa letu Tanganyika si la namna hiyo, msiamke usiku na kukimbia. Lakini mtoto wa Nundu ambaye kesho atasoma Goma, au atamfuata mama yake kwenye biashara kule, akishaona mshumaa ukizimika ndani ya sufuria hatachukulia mazuku kuwa hadithi za wachawi. Atajua kwamba shimoni hashuki mtu kumfuata mbuzi aliyeanguka.

Siku ya pili nilitaka kuwaonyesha vitu vya bure kabisa. Tulichukua majivu makavu ya kuni, kijiko kimoja, tukakamulia limau: mapovu. Tukasaga ganda la yai: mapovu, madogo na ya polepole. Maganda meupe ya konokono waliyookota ufukweni: mapovu pia. Majivu yana kaboneti za potasiamu na za kalsiamu. Ganda la yai na la konokono ni kaboneti ya kalsiamu. Yote ni ndugu wa bikarbonati, na yote yamebeba gazi ile ile.

Bibi yetu alikuwa akichoma maganda ya ndizi, anachuja maji kwenye majivu yake, na maji hayo anatia tone tone kwenye maharagwe magumu yalainike. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni umaskini wa kukosa chumvi. Kumbe alikuwa anatengeneza bezi. Tulitia maji ya majivu kwenye juisi ya ngaingai, ikageuka kama kwa bikarbonati, tena haraka zaidi. Tukatia kwenye manjano ya pilau: umanjano ukawa mwekundu kama tofali. Manjano haishtuki kwa limau, inashtuka kwa bezi tu, kama vile majivu na sabuni.

Kisha mkubwa akauliza swali lake mwenyewe, na hapa nilifurahi kuliko pote. "Mjomba, na maji ya ziwa?"

Tulichota bilauri moja ziwani na bilauri moja ya maji yanayoshuka mlimani. Kila moja tukatia matone machache ya ngaingai, sawasawa. Ya mlimani yakabaki na wekundu mwepesi. Ya ziwa yakavutwa upande wa zambarau na buluu. Maji ya Ziwa Tanganyika ni bezi kidogo, pH yake iko karibu na 9, na sehemu kubwa ya chumvi zinazoyafanya hivyo inaletwa na mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu. Mtoto wa miaka 9 amepima ziwa kwa kikonyo cha ngaingai. Mimi nilikulia kando ya ziwa hilo, nimeoga humo, nimekula ndagala na mikeke wake, na sikuwahi kuuliza.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, ju sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Bikarbonati ikaisha. Nikamwambia mkubwa: "Nenda kwenye rafu uniletee ile sudi ya mama." Alienda. Alirudi na kifuko kidogo cha plastiki kilichofungwa fundo, kitu cheupe ndani, na alikuwa tayari anafungua fundo kwa meno.

Yaya, mbali na mandazi, anapika sabuni ya mawese. Wengi hapa Nundu na Baraka wanapika. Na sabuni inahitaji sudi kostiki. Tazama basi: bikarbonati jina lake kamili kwa watu ni bikarbonati ya sudi. Ya sabuni ni sudi kostiki. Zote mbili nyeupe, zote mbili zinapimwa sokoni kwenye vifuko visivyo na maandishi, zote mbili zilikuwa kwenye rafu moja. Na aliyesema "sudi" bila kumalizia jina nilikuwa mimi, mwenye lisansi.

Nilimpokonya kabla plastiki haijapasuka. Aliogopa akalia, alidhani nimemkasirikia. Nilikaa chini, miguu ilikuwa haina nguvu.

Kostiki ni bezi pia, lakini kati yake na bikarbonati ni kama paka na chui. Inakula ngozi, inakula jicho, na mtoto akiimeza inaunguza koo hata akipona asiweze kumeza chakula vizuri. Tofauti zake kwa macho: bikarbonati ni unga laini na mkavu, kama unga wa muhogo. Kostiki ni punje au vipande vinavyong'aa, vinavuta maji ya hewa hadi vinalowa, na ukivitia majini maji yanapata moto. Usionje kamwe ili kujua.

Na kuna hatari nyingine iliyojificha ndani ya somo langu mwenyewe. Mimi nimetoka kumfundisha mtoto kwamba limau inashinda bezi. Mtoto mwenye akili akimwagikiwa kostiki atakimbilia limau. Hapana! Kostiki na asidi zikikutana zinatoa joto kali, na kidonda kinazidi. Ikigusa ngozi au jicho: maji safi mengi yanayotiririka, angalau dakika 20, huku mkivua nguo iliyolowa. Ikimezwa: asuuze kinywa, msimtapishe, msimpe limau wala siki, mpelekeni hospitali saa ile ile. Kwa kumtapisha mnaipitisha kooni mara ya pili.

Jioni yaya aliniuliza kwa sauti ya chini: "Wewe ulijua hii kitu tangu zamani. Mbona hukuniambia?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa najua kuandika NaOH. Sikuwahi kufikiri kwamba NaOH iko kwenye rafu ya yaya yangu karibu na unga wa mandazi.

Siku hizi kostiki yake iko kwenye kopo lenye kifuniko, limefungwa kitambaa chekundu, juu ya dari ambapo mtoto hafiki. Na nyumbani hakuna anayesema "sudi" peke yake.

Masharti mengine ni mafupi. Usifunge chupa yenye mapovu ndani, ju gazi ikikosa njia inaipasua. Mtoto akitaka kuona gazi ikikusanyika, mvalisheni chupa puto mdomoni. Mshumaa ni wa mkono wa mkubwa. Limau isifike machoni. Bilauri ya majaribio hainywewi. Na juisi ya ngaingai iliyotiwa bezi isiachwe muda mrefu: rangi inachoka, inakuwa kahawia, na hata limau hairudishi wekundu wote.

Sasa kilimo, kama nilivyoahidi.

Mkubwa alileta udongo wa shamba la maharagwe la mama yake, lile la upande wa mlima, ambalo miaka hii maharagwe yake yanatoka membamba na ya manjano. Alikuwa ameona kwenye simu kwamba ukitia bikarbonati kwenye udongo wenye maji na ukatoa mapovu, basi udongo ni wa asidi. Tulijaribu. Hakuna hata povu moja.

Ningeweza kumwambia "basi udongo ni mzuri". Ingekuwa uongo. Asidi ya udongo haiko wazi kama ya limau. Sehemu kubwa imeshikwa kwenye chembe za udongo wa mfinyanzi, inatoka kidogo kidogo, na gazi inayopatikana ni kidogo mno kuonekana. Udongo unaweza kuwa na asidi ya kuumiza maharagwe na bado usitoe povu. Kipimo hicho kinazunguka sana kwenye simu, naomba wenzangu tusikisambaze. Cha siki kina maana zaidi: udongo ukitoa mapovu kwa siki, una chokaa ndani. Ila usipotoa, hujajua kitu bado. Kwa pH ya kweli unahitaji kipimo cha mashine au karatasi ya rangi.

Mkulima asiye na mashine anaweza kusoma dalili. Mvua nyingi za miaka mingi zinaosha kalsiamu na bezi nyingine na kuzishusha chini, na kila mavuno tunayobeba yanaondoka na sehemu yake. Udongo unabaki na asidi. pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, alumini iliyomo udongoni inaanza kuyeyuka, inachoma ncha za mizizi, na fosforasi inafungwa mmea usiipate. Maharagwe yanaumia mapema, hata vile vifundo vya mizizi vinavyokamata azoti vinakuwa vichache. Muhogo unavumilia. Njo maana shamba lililochoka mwishowe linabaki la muhogo tu, na watu wanasema "udongo huu unapenda muhogo". Haupendi muhogo. Ni muhogo unaouvumilia.

Na dawa ya karibu mtoto ameshaiona ikitoa mapovu: majivu. Yale yale yanayopigana na limau bilaurini yanapigana na asidi shambani, tena yanaleta potasiamu na kalsiamu. Konzi moja kwa mita moja ya mraba, yatawanywe na kuchanganywa na udongo wiki mbili tatu kabla ya kupanda. Yawe majivu ya kuni, si ya plastiki wala ya mbao zenye rangi. Yasirundikwe mahali pamoja, ju bezi ikizidi nayo inaunguza. Na yasichanganywe na ure au samadi mbichi: bezi inafukuza azoti ikiwa amonia, ile harufu inayopanda puani, na mbolea uliyoilipa inaondoka na upepo.

Yaya alinisikiliza akasema: "Kila siku natupa majivu mtoni."

Mwezi wa 9 alipanda maharagwe kwenye tuta mbili, moja na majivu, moja bila. Mpwa wangu amechora jedwali kwenye daftari: siku, urefu, rangi ya majani. Ameandika yeye mwenyewe. Mavuno hatujayapima bado, na nitawaletea jibu hata kama majivu yameshindwa.

Wenzangu wa lisansi, wengi wetu tunangojea kazi, na wakati tunangojea kuna watoto wanaonakili bilauri za chaki kama sisi. Ngaingai, limau, majivu na bikarbonati ya yaya vinatosha kwa Jumamosi moja. Mkifanya na watoto wenu, mtuambie maji ya kwenu yalitoa rangi gani. Na kabla ya kuanza, angalieni kwanza rafu.